Mkwara

Jumamosi, Pasua, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki,
meza yetu ni mlango wa zamani juu ya makreti ya soda.
Bado una kitasa. Kwenye ramani yetu ni kisiwa.

Mimi ndiye msimulizi. Wao ni watatu na mashujaa wao.
Leo wamefika kwenye lango la ngome
na hapo nimemweka mlinzi mmoja:
koti la mvua, tochi, daftari la wageni.
Sikumpa jina. Nilidhani atakufa mapema.

Ndekirwa alisimama, kiti kikaanguka.
Shujaa wake ana futi saba na shoka,
na kwenye karatasi, mstari wa Kutisha,
amejaza tisa kwa wino mwekundu.
"Unanijua mimi ni nani?"
Kuku wa jirani waliamka.
Dadu ikabingirika: kumi na saba.

Kwa kanuni, mlinzi alipaswa kujikojolea.
"Sikujui, bosi," nikamjibu kwa sauti ya mlinzi,
"ndiyo maana kuna daftari.
Jina, unakotoka, unamwona nani, saa, sahihi."
Salehe akapaliwa na karanga.
Ndekirwa akalalamika, kumi na saba ni kumi na saba,
nami nikampa haki yake: mlinzi akarudi nyuma hatua moja.
Moja tu. Mkwara wa aina hiyo
mlinzi wa Moshi huusikia mara tatu kabla ya chai.

Haikaeli hakusimama.
Siku za kazi yuko bohari ya dawa, anahesabu vidonge
na wanaovichukua.
Shujaa wake ni mganga mwembamba. Kutisha: hasi mbili.
"Naomba nilitazame hilo daftari."

Akapitisha kidole juu ya mbao, mstari kwa mstari,
pasipo na kitu.
"Walioingia tangu Jumatatu ni kumi na mmoja.
Safu ya kutoka ni nyeupe."
Hakuinua macho.
"Zamu ilikuwa ya nani?"

Nje pikipiki ikakohoa, ikazimika.

"Naomba na kalamu. Jina lako?
Majina matatu."

Nilikuwa na majina ya miungu yote ya ngome ile,
ya mito, ya farasi hata mmoja aliyekwisha kufa.
La mlinzi sikuwa nalo.
Mdomo ukajitafutia wenyewe:
"Elinami Kiwia Materu."

Baba yangu alilinda mashine za kukoboa kahawa
miaka kumi na tisa.
Asubuhi moja alikuja mtu mpole mwenye kalamu.
Hakufoka. Alimwita "mzee wangu,"
akamwomba majina matatu,
akafunga daftari, akashukuru.
Baba alirudi na koti mkononi, bila tochi.
Mama alidhani ameisahau.

"Dadu, jamani," Salehe akasema,
maana nilikuwa nimenyamaza mno.
Haikaeli akairusha. Ikagonga kitasa,
ikatumbukia kati ya makreti, tukaimulika kwa simu.
Nne. Ukitoa mbili, mbili.
"Imefeli!" Ndekirwa akapiga makofi.

Mkono wangu ulishakuwa hewani,
unavuta komeo ambalo halipo.
"Piteni."
"Kwa mbili?"
"Kanuni ya nyumbani."

Haikaeli akanitazama, safari hii mimi, si mlinzi.
Akaifunika kalamu.
"Mwambie aende zake," akasema, "mvua inakuja.
Na tochi aichukue. Ni yake."

Ndekirwa akauliza kama koti linauzika.
Sikumjibu. Niliinama chini ya mlango
nikitafuta dadu,
nayo nilikuwa nimeifumbata.